Mjomba kanirithisha flashi yake ya zamani, mume anataka kukopa ninunue mpya: nifuate lipi?

Mshauri, salaam aleikum.

Nina miaka 31, nimeolewa, tuna watoto wawili, na tunakaa hapa Arua. Kazi yangu ni kupiga picha. Nilianza kwa kamera ya kukodi, na zamu yangu ilipofika katika kikundi chetu cha akiba nikanunua Sony a6400 iliyokwisha tumika, moja ya kamera hizi zisizo na kioo ndani, wanazoziita mirolesi. Mchana sina shida. Watu wanaridhika, na kazi moja inaniletea nyingine.

Shida inaanza jua likizama. Harusi zetu unazijua: nikahi asubuhi, chakula mchana, na usiku ndiyo sherehe yenyewe, chini ya hema, doluka, ngoma yetu ya Kinubi, inapigwa, akina mama wamependeza na gurbaba zao, yale mavazi ya Kinubi, na taa ni mbili tatu za rangi zinazozunguka. Picha zangu za saa hizo zinatoka na chembechembe, nyuso za kijani au zambarau, na anayecheza anakuwa ukungu mtupu. Nikifungua kile kiflashi kidogo cha kwenye kamera, walio mbele wanang'aa jasho na walio nyuma wanamezwa na giza. Desemba nina harusi za watu, na mojawapo ni ya familia kubwa ya hapa mjini ambayo imeshatoa malipo ya awali. Flashi sharti nipate.

Sasa tazama nilivyozingirwa.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa na studio karibu na soko enzi za filamu, yenye pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji, na nusu ya wazee wa mtaa wetu wana picha aliyowapiga. Aliposikia nahitaji flashi, akatoa sandukuni ya kwake ya zamani, kubwa na nzito, akanikabidhi mbele ya wazee akisema sasa kazi imepata mrithi. Nikapokea kwa mikono miwili. Lakini mwenzangu mmoja wa kazi akaniambia nisithubutu kuichomeka, eti flashi za zamani zinaunguza kamera za siku hizi. Sijui ni kweli au ni wivu. Tangu hapo iko juu ya kabati, na kila nikienda kumsalimia mjomba ananiuliza kama inawaka vizuri. Mimi nageuza mazungumzo.

Mwenzangu huyohuyo anasema flashi ni ya Sony yenyewe, hizi nyingine ni za wanaobahatisha, na mteja akiona jina geni juu ya kamera anakushusha thamani. Nilipiga simu Kampala. Duka moja likaniambia ya Sony ni karibu shilingi 1,900,000. Sina. Mume wangu ni mwalimu, na yuko tayari kuchukua mkopo wa mshahara ninunue hiyo. Anasema cha rahisi hununuliwa mara mbili. Moyo huo nampendea, lakini ada ya watoto ni Februari, na makato ya mkopo nayajua yanavyobana.

Duka hilohilo lina flashi za kampuni ya Godox, aina tatu. TT600 ni 290,000. TT685 II ni 560,000. V860III, yenye betri yake ya kuchaji, ni 980,000. Mimi nimeweka kando 700,000. Muuzaji anasukuma ile ya tatu. Nilipomuuliza tofauti, akanijibu, "Hii inajipima, ile haijipimi," akakata simu. Na mzigo ukishapanda basi mpaka Arua, kuurudisha ni kesi nyingine.

Ninunue ipi? Nimwache mume akope? Na mjomba nimwambie nini asione nimemdharau?

Mpiga picha, Arua

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, wa aleikum salaam.

Umeniandikia mambo mawili kwa pamoja. Kuna mwanga wa usiku, na kuna watu watatu wanaokutakia heri kila mmoja kwa njia yake, nawe hutaki kumwangusha hata mmoja. Nianze na mwanga, kwa sababu huo unapimika, na nahisi ukishapimwa, hilo la watu nalo litapungua uzito.

Mwenzako hakukudanganya kuhusu flashi ya mjomba, ila hakumaliza maneno. Kamera nyingi za filamu ziliwasha flashi kwa vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani, na chuma hakijali umeme mwingi. Ndiyo maana baadhi ya flashi za zama hizo zina volti zaidi ya 200 kwenye ile pini ya katikati ya mguu wake, pale inapochomekwa kwenye kamera. Kamera yako inategemea saketi ndogo ya kielektroniki, na volti kama hizo zinaweza kuiua mara moja au kuidhoofisha pole pole. Lakini si kila flashi ya zamani iko hivyo. Nyingine hutoa volti chache tu. Kwa macho hutajua, na hata jina halitoshi, kwani matoleo ya flashi moja yaliweza kutofautiana. Fundi redio yeyote mwenye mita atakupimia: flashi iwashwe, isubiriwe mpaka taa yake ya kuonyesha iko tayari iwake, kisha mita iguse pini ya katikati na chuma cha pembeni mwa mguu. Ikisoma volti tano au sita, wapiga picha wengi huichomeka bila wasiwasi. Ikisoma mamia, usiichomeke hata kwa kujaribu.

Ikisoma mamia, bado si ya kutupwa. Kuna vijicho vidogo vya kuhisi mwanga vinavyofungwa kwenye mguu wa flashi. Flashi nyingine ikiwaka, hiyo yenye kijicho nayo inawaka papo hapo, bila kugusana na kamera kabisa. Tafuta kinachostahimili volti hizo, uisimamishe flashi ya mjomba kwenye stendi nyuma ya wanaocheza, iwape mstari wa mwanga mabegani. Udhia wake ni kwamba mpiga picha mwingine akiwasha ya kwake, ya mjomba nayo itaitikia, na betri zitaisha kwa kazi ya mwenzio.

Tuje kwenye hilo la Sony yenyewe. Naomba nikuulize kwa upole: ni mteja gani amewahi kukuuliza jina la kifaa chako? Waliotoa malipo ya awali walikuwa wameona nini, kamera yako au picha zako? Sisemi mwenzako hana hoja kabisa. Flashi ya Sony inaongea na kamera ya Sony bila mkalimani, na Sony ikitoa kamera mpya, flashi ya kampuni nyingine inaweza kuhitaji kusasishwa programu yake kwanza. TT685 II ina tundu la USB kwa kazi hiyo. Kwa kamera uliyonayo, iliyotoka mwaka 2019, sioni kama hilo linakuhusu sana leo. Kinachokuhusu ni herufi mwishoni mwa jina. TT685 II na V860III hutengenezwa kwa kamera za kampuni mbalimbali, na ya Sony ina herufi S. Ukiletewa yenye C, hiyo ni ya Canon, na kujipima kote huko unakolipia hutakupata. Mwambie muuzaji akupigie picha ya boksi kabla hujatuma pesa.

Sasa hilo la kujipima, ambalo muuzaji alilimaliza kwa sentensi moja. Hapa ndipo pesa yako inapoamuliwa, kwa hiyo nivumilie.

Flashi yenye TTL, yaani ya kujipima kupitia lenzi, kama TT685 II na V860III, hutoa cheche ndogo kabla ya picha. Kamera inasoma mwanga uliorudi, kisha inaamua nguvu ya cheche kubwa. Yote hayo hutokea kabla jicho halijagundua. Faida yake utaiona bibi harusi anapoingia: yuko mita sita, mara mita tatu, mara amekufikia, na wewe unarudi kinyumenyume unakwepa watoto na vikombe vya soda. Huna muda wa kuzungusha vitufe. Hasara yake ni kwamba kamera haijui inatazama nini. Shela jeupe au kundi la wanaume wenye kanzu likijaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu nyeusi zinazama. Hapo sharti wewe uongeze kwa mkono. Kwa hiyo hata hiyo inayojipima inataka mtu anayejua.

TT600 haina hiyo cheche ya kupimia. Nguvu unaipanga mwenyewe: kamili, nusu, robo, mpaka 1/128. Lakini bei kuwa ndogo hakumaanishi mwanga wake ni mdogo; nguvu yake inakaribiana sana na ya hizo ndugu zake. Ndani ina kipokezi cha redio cha mfumo uleule wa Godox, kwa hiyo ukija kununua TT685 II baadaye, TT600 inaenda kwenye stendi na ile ya juu ya kamera inaiamuru kwa mbali. Kwa picha za ukumbini, familia zimesimama kwa mstari na wewe huhami, kupanga kwa mkono kuna utulivu wake: ukipata kipimo cha familia ya kwanza, ya kumi inatoka hivyohivyo, shela au bila shela. Kwa msafara wa kuingia, utapoteza baadhi. Je, zipi ndizo zinazokulipa? Albamu zako unazijua wewe. Zifungue uhesabu ni picha ngapi zilizochaguliwa na wateja zilikuwa za watu waliosimama, na ngapi za watu wanaokwenda.

V860III ni flashi nzuri, na muuzaji hajakosea kuisifu. Betri yake ya lithiamu huhesabiwa kutoa cheche 480 za nguvu kamili, na hukusubirisha kidogo sana kati ya cheche na cheche. Lakini imepita akiba yako kwa 280,000, na betri yake ikikuzimikia usiku, Arua nzima utaipata wapi nyingine? TT600 na TT685 II zinatumia betri nne za AA, zinazopatikana hata dukani kwa jirani. Tahadhari tu: usizipe yale mawe ya tochi ya bei poa. Yatakufanya usubiri huku keki ikikatwa. Nunua za kuchaji zilizo nzuri, seti mbili, na chaja yake, na gharama hiyo uiongeze kwenye bei ya flashi kabla hujalinganisha. Muuzaji hakuitaja, nami simshangai.

Kuna mambo flashi yoyote haitakutatulia, hata ya milioni mbili. Ulisema mnasherehekea chini ya hema. Raha ya flashi yenye kichwa kinachogeuka ni kuielekeza kwenye dari nyeupe, mwanga ukarudi laini. Hema lenye vitambaa vyekundu na njano litakurudishia mwanga mwekundu na njano, na nje usiku hakuna dari ila nyota. Hapo utahitaji kikadi cheupe kichwani mwa flashi, au flashi ikae pembeni kwenye stendi na mwavuli. Tena, ile taa nyekundu ambayo flashi nyingi hutoa gizani kusaidia kamera kulenga, kamera yako haiitumii. Lenzi ikihangaika, mwombe mwenye hema awashe taa moja nyeupe upande wa wachezaji. Halafu kasi ya shata: a6400 na flashi ya kawaida haivuki 1/160; ukiilazimisha, utapata utepe mweusi kwenye picha. TT685 II na V860III zina njia ya kuvuka hapo, itakayokufaa zaidi mchana wa jua kali kuliko usiku. Na upigaji wa kimya kwenye kamera uwe umezimwa. Ukiwa umewashwa, flashi haitawaka, na utaapa umeuziwa mbovu.

Leo usiku, kabla ya shilingi moja kutoka, fanya hivi. Fungua kile kiflashi cha kamera yako, kisha ukisukume nyuma kwa kidole mpaka kitazame juu. Kwenye a6400 kinakubali. Kaa chumba chenye dari nyeupe na ya chini, panda ISO, ule wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 1600, mpige mtoto mmoja picha. Ni kidhaifu, lakini utaona uso unavyobadilika mwanga ukitoka juu badala ya usoni. Rudia nje, chini ya anga. Tofauti ya picha hizo mbili itakuambia unahitaji flashi moja yenye akili au mbili zisizo na akili, mojawapo ikiwa kwenye stendi. Mbili za TT600 ni 580,000 kwa bei uliyopewa, na ukizitaka hizo, kumbuka kuna stendi na mwavuli pia. Faida nyingine ni kwamba moja ikifa katikati ya harusi, hujasimama.

Unaweza pia kukodi kwa wikendi moja na kuijaribu kwenye sherehe ndogo. Hatari yake unaijua: Jumamosi za Desemba kila mwenye flashi naye ana harusi yake.

Kuhusu mumeo. Simpingi, na si kazi yangu kuwaamulia mkopo wa nyumbani kwenu. Ila kaeni chini na kalamu. Andikeni faida halisi ya harusi moja, baada ya nauli, msaidizi na kuchapa. Kisha andikeni makato ya kila mwezi ya mkopo huo, muone ni harusi ngapi zinakwenda kulipa jina, na miezi ambayo hakuna harusi nani atalipa. Huenda hesabu ikakubali, mkakopa kwa amani. Huenda ikakataa, na ikikataa ni kalamu imesema, wewe hujamkatalia mtu. Lakini niruhusu nikuulize pia kama anachotaka ni flashi ya Sony, au anataka naye awe na mkono kwenye kazi yako. Ni mwalimu, Desemba shule zimefungwa. Mpiga picha wa usiku mwenye mtu wa kumshikia flashi kwenye fimbo, akamfuata bibi harusi hatua kwa hatua, amepata kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Muulize. Anaweza kucheka, anaweza pia kuuliza avae shati gani.

Sasa mjomba. Umekuwa ukigeuza mazungumzo kwa sababu unaamini kuna majibu mawili tu, kwamba inawaka au kwamba umeitupa. Lakini tazama mgongo wa ile flashi. Nyingi za zamani zina jedwali au kisahani cha kuzungusha: umbali huku, tundu la lenzi kule. Mjomba alifanya kazi kwa hicho kisahani miaka yote, kwenye filamu, bila skrini ya kumwonyesha kama amepata au amekosa, na kesho yake chumba cha giza ndicho kilichompa majibu. Namba ya nguvu ya flashi ukiigawa kwa umbali, unapata tundu. Namba ikiwa 32 na mtu yuko mita 4, tundu ni 8 kwa ISO 100; ukipanda ISO 400, mwanga uleule unafika umbali maradufu. Tena namba iliyoandikwa kwenye boksi la TT600, 60, ni ya mwanga ukiwa umebanwa, kichwa kikiwekwa milimita 200. Kikifunguliwa kwa ajili ya kundi la watu, inashuka sana. Hayo mjomba anayajua kwa vidole. Ukiamua kununua flashi ya kupanga kwa mkono, mwalimu wake unaye nyumbani na hadai ada.

Kwa hiyo mimi nisingekwenda kwake na habari kwamba flashi imekataliwa. Ningemwendea na swali: mjomba, wanasema hizi zina volti nyingi kwa kamera za leo, twende tukaipime? Anaweza kuwa anajua jibu tayari. Anaweza kuumia kidogo, hilo siwezi kukuahidi halitatokea. Lakini atakuwa amesimama mbele ya mita pamoja nawe, na mita ikisema mamia, haitakuwa kauli yako.

Kabla hamjatoka, fungueni sehemu ya betri muone kama za zamani zilivujia ndani. Flashi iliyolala miaka mingi inaweza kuchukua muda mrefu kujaa mara ya kwanza, au isijae kabisa. Na mkifika, mwambie fundi asiifungue. Pini inapimwa kwa nje, na kapasita ya flashi, kile kinachohifadhi umeme ndani, hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa.